Aliyeitika Kwanza

Jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo ya barabara ya Izazaga nilipofunga duka, nikachukua mfuko wa plastiki wenye sweta ya mpwa wangu, nikaelekea stesheni. Aliyeniona alidhani nampelekea mteja nguo yake. Mimi ni fundi cherehani. Nashona yale magauni mapana ya wasichana wanaosherehekea miaka kumi na tano, na mtaa mzima umezoea kuniona nikipita na mifuko. Hakuna aliyejua kwamba jioni ile nilikuwa naenda kumwita mtoto.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mambo hayo. Hapa Mexico mtu akikohoa mara mbili jirani anamletea majani, mshumaa na maji ya baraka. Mimi kichwa kikiuma nameza dawa, nalala. Lakini Fermín alikuwa anakufa, na mtu wako akiwa anakufa, ujuaji wote unakuishia.

Fermín ni mtoto wa mdogo wangu Obdulia. Ana miaka saba, mtundu, mdomo haufungwi, chakula lazima kwanza akitukane ndipo akile. Mwanzoni mwa Novemba, maua ya manjano ya Siku ya Wafu yakiwa bado yanaozea kwenye mapipa, alikuwa na mama yake chini ya ardhi, kwenye ile njia ndefu ya kubadilishia treni, pale penye madhabahu ya mviringo ya watu wa kale. Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Umati uliwapitia katikati, na mkono ukachomoka. Obdulia alimpata baadaye amesimama peke yake mbele ya madhabahu, ana jasho baridi, hasemi neno.

Tangu hapo hakula. Alilala macho yakiwa nusu wazi. Zahanati walipima damu, wakapima mkojo, wakasema mtoto ni mzima. Mzima! Mbavu zilikuwa zinaonekana hata juu ya shuka.

Ndipo Obdulia akamwita Bibi Cástula, anayekaa chumba cha mwisho uani kwetu. Bibi alimpitishia mtoto yai bichi mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kisha akalipasua ndani ya glasi ya maji. Akaiinua kwenye taa, akaitazama muda mrefu.

"Hayumo," akasema.

"Hayumo nani?" nikauliza.

"Wewe hapo kitandani unamwona nani, Rutilio?"

"Namwona Fermín."

"Hiyo ni nyumba yake tu. Mwenyewe kabaki kule chini. Alishtuka akatoka, na watu walivyokuwa wengi akashindwa kurudi. Aendewe, aitwe, kabla nyumba haijaanguka."

Obdulia akaanza kufunga viatu. Bibi akamzuia. Alisema mama hawezi kwenda, kwa sababu mkono wake ndio uliomwachia. Aende mtu wa damu ambaye hakuwepo. Wote wawili wakanigeukia.

"Uende saa ile ile, usimame pale pale," Bibi aliniambia. "Chukua nguo aliyovaa siku ile. Piga nayo sakafu, mwite kwa jina. Ukiona nguo imekuwa nzito, ikumbatie, rudi nyumbani kwa miguu. Usiseme na mtu njiani. Na ukisikia unaitwa nyuma yako, usigeuke."

"Hata kama ni mtu ninayemjua?"

"Hasa huyo. Kule chini wamejaa wanaotaka kutoka, mwanangu. Watakuita hata kwa sauti ya marehemu mama yako."

Nilicheka. Bibi hakucheka.

*

Kwenye mlango wa stesheni palikuwa na moshi wa mahindi, kelele za wauza chaja, na mtu aliyekuwa akiuza soksi huku akiapa kwa watakatifu wote kwamba hazichaniki. Nikashuka. Joto la watu lilinipokea kwenye ngazi. Breki zilikuwa zikinuka mpira unaoungua. Treni ilifunga milango, ikatoa ule mlio wake, ikaondoka, na upepo wa handaki ukatusukuma sote mgongoni.

Nilifika kwenye njia ya madhabahu. Juu yake pako wazi, unaona kipande cha anga, na anga lile lilikuwa limeshaingia kiza. Watu walipita pande zote mbili bila kutazama. Mimi mwenyewe nimepita hapo maisha yangu yote bila kutazama.

Nilitoa sweta. Ilikuwa ya kijani iliyokolea, ya shule, yenye kiraka kwenye kiwiko. Nilisimama nayo mkononi, nikaona haya. Ebu fikiria, mzee mwenye kitambi na futi shingoni, anataka kupiga sakafu na sweta ya mtoto mbele ya nusu ya jiji!

Askari wa kike akanisogelea.

"Baba, hapa hapauzwi kitu."

"Siuzi, ofisa."

Akatazama sweta. Akaniangalia usoni, na sauti yake ikashuka.

"Mtoto kashtuka?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Mimi mama aliniita kisimani, kwetu kijijini. Nilikuwa mdogo sana." Akapanua miguu, akasimama katikati ya njia, na umati ukagawanyika kumpisha. "Haya, mwite. Nitakuzibia. Lakini usinicheleweshe, bosi wangu yuko juu."

Nikainama. Nikapiga sakafu kwa sweta.

"Fermín..."

Sauti yangu ilimezwa na viatu vya watu. Nikapiga tena.

"Fermín, njoo twende nyumbani. Usibaki huku."

Hakuna kitu. Treni nyingine iliingia chini yetu, sakafu ikatetemeka. Nilipiga mara ya mwisho, na safari hii sikuona haya tena, nilipaza sauti kama kichaa.

"Fermín! Mjomba wako nakuita! Njoo!"

Upepo ulikatika.

Watu walikuwa wanapita bado. Niliona midomo yao ikienda, niliona visigino vikigonga sakafu. Sikusikia hata kimoja.

Na sweta ikawa nzito.

Ilianza mikononi, taratibu, hadi viganja vikalemewa. Kisha likaja joto, lile joto la kwapa la mtoto aliyelala. Nikaikumbatia kifuani. Nilisikia harufu... maganda ya chenza. Yalinuka mabichi, karibu kabisa na pua yangu, kama mtu anamenya hapo hapo. Nikamtazama askari. Alikuwa ameushika msalaba wa shingoni, anarudi nyuma hatua kwa hatua.

"Nenda," midomo yake ilisema. "Nenda, baba, nenda."

Nikaanza kutembea. Masikio yalifunguka, kelele zote zikarudi. Nilikuwa nimeshafika kwenye kona ya ngazi niliposikia.

"Mjomba!"

Ilitoka nyuma, mbali, upande wa madhabahu.

"Mjomba Rutilio! Niko huku!"

Nilisimama. Sauti ilikuwa ya Fermín kabisa, na kale kakwaruzo kake ka kupiga kelele kutwa nzima.

"Mjomba, nipe mkono! Watu wananikanyaga!"

Kifuani mwangu, ndani ya sweta, kitu kilijikunja. Kilijibana kwangu kama mtoto anayeogopa kuteremshwa chini. Nikakumbuka maneno ya Bibi. Hasa huyo. Hasa anayejulikana. Nilifumba macho, nikapanda ngazi nikipapasa chuma cha pembeni. Sauti ilinifuata ikilia, ikazidi kuwa ndogo, hadi ikaishia kwenye mlio wa milango ya treni.

Sikugeuka.

Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu. Nilipita mitaa ya maduka ya magauni, wenye nayo wakishusha milango ya chuma. Nilipita wauza uji wa mahindi na mikate ya kukaanga, sikuangalia mtu. Jirani yangu Hilario, kinyozi, alinisalimia, nikampita.

"Wewe Rutilio! Leo umekuwa tajiri, hata salamu hujibu?"

Angejua nimembeba nani asingenitania. Hata mimi nilikuwa sijui.

*

Nilimfunika Fermín kwa ile sweta kitandani. Obdulia alikuwa amepiga magoti pembeni. Bibi Cástula alisimama mlangoni na ubani wake. Kwa mara ya kwanza tangu augue, macho ya mtoto yalijifunga kabisa. Akavuta pumzi ndefu. Akayafungua, akatutazama mmoja mmoja.

"Nina njaa," akasema.

Obdulia alipiga kelele nikadhani paa limeanguka. Sisi sote tulilia. Tulimpa supu ya kuku, akamaliza. Tukampa chapati za mahindi na maharage, akamaliza, akafuta sahani kwa kidole. Kisha akaishika sahani kwa mikono miwili, akamrudishia mama yake.

"Mungu akulipe, mama."

Obdulia akacheka huku machozi yanamtiririka. "Mwanangu? Ashukuru chakula? Kweli alikuwa mgonjwa!"

Nilicheka pia. Namkumbuka Bibi Cástula tu, aliyekuwa anatazama mikono ya mtoto, hacheki.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha, na nilizifurahia kweli, sina haja ya kujifanya. Mtoto alinenepa. Aliosha vyombo bila kutumwa. Alimpisha kila mtu mlangoni. Hakutukana chakula. Lakini aliuliza choo kiko wapi, katika nyumba aliyozaliwa. Kitandani hakutaka kulala, alitandika gunia sakafuni karibu na mlango, akajikunja hapo na viatu vyake chini ya kichwa. Siku moja nilimkuta anamenya chenza. Ganda lilitoka zima, halikukatika, akazipanga kokwa zake pembeni na vipande vyake kwenye mstari juu ya meza. Fermín alikuwa anakula chenza na ganda lake nusu, ananitemea mbegu.

Kuna alfajiri nilisikia sauti ikitoka upande wao wa pazia linalogawa chumba chetu. Nilidhani ni redio ya jirani.

"Chenza... chenza tamu, mama, chukua... tamu kama sukari, mama, usinipite..."

Nilivuta pazia. Mtoto alikuwa amelala kwenye gunia, macho yamefumbwa, mkono mmoja ameunyoosha juu, anauza.

"Fermín?" nikanong'ona.

Mkono ukashuka. Akafumbua macho. Alinitabasamia vizuri sana, kwa adabu.

"Ndiyo, mjomba," akasema. "Niite hivyo hivyo tu."

Nilirudisha pazia polepole.

*

Asubuhi nilimsubiri Obdulia arudi kutoka sokoni. Nilikuwa nimeitandaza sweta mezani. Kama fundi nilipaswa kuona zamani: kile kiraka cha kiwiko kilishonwa na mkono nisioujua, uzi mnene, mishono mirefu ya mtu wa shambani. Obdulia hashoni. Nyumba hii anayeshona ni mimi.

"Hii umeitoa wapi?"

"Nilinunua mtumba. Ile ya zamani ilimbana." Aliweka kikapu chini. "Kwa yule mama anayeuza chenza mlango wa stesheni. Alikuwa ametandaza nguo za mtoto kwenye turubai. Kwani nini?"

"Fermín aliivaa mara ngapi?"

"Siku ile ile tu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimemvalisha." Akanikazia macho. "Kwani nini, kaka?"

Nilichukua sweta nikatoka.

Yule mama nilimkuta mahali pake, amekaa juu ya kreti, na shela ya kijivu, na piramidi ndogo za chenza mbele yake. Anaitwa Nicanora. Nilikuwa nimenunua chenza kwake mara nyingi bila kumuuliza jina. Nilipotoa sweta mfukoni, mikono yake iliacha kupanga.

"Imembana mtoto wako?" akauliza.

"Ilikuwa ya nani, mama?"

"Ya mwanangu. Evodio." Akaendelea kupanga. "Alikuwa ananisaidia kuuza humo chini, kwenye njia. Siku moja umati ukamwangusha. Hakuumia. Akarudi kwangu anatetemeka tu, hasemi. Mimi nilidhani homa. Nikampa dawa ya homa." Aligeuza chenza moja mkononi. "Akaacha kula. Akaisha hivi hivi, naona kwa macho yangu."

"Hukumwita?"

"Watu waliniambia baadaye, tumeshazika. Nikashuka kumwita. Nimeshuka na picha yake, nimeshuka na kiatu chake. Siku ya Wafu nilimwekea maziwa na chenza nyumbani, nikakesha. Marehemu watoto wa wenzangu walikuja kula. Wangu hakuja." Akaigusa sweta kwa ncha ya kidole. "Alikuwa haivui hii, hata kulala. Nikaiuza kwa kuwa nilikuwa siwezi kuiangalia."

Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, na suruali yangu nzuri. Watu walitupita wakishuka ngazi, mamia kwa mamia. Nilimweleza. Sikuficha kitu. Nilipofika kwenye ile sauti iliyoniita nyuma, ndipo nilipoielewa.

Nilikuwa nimemwacha mpwa wangu. Aliniomba mkono, nikafumba macho nikapanda ngazi.

Nicanora hakunilaumu wala hakunifariji. Aliuliza jambo lake.

"Anakula?"

"Anakula."

"Analala wapi?"

"Sakafuni. Karibu na mlango, kwenye gunia."

Alicheka, machozi yakadondokea chenza. "Chumba chetu kidogo. Mimi ndiye niliyemzoesha." Kisha akanishika mkono wa shati kwa nguvu. "Bwana, mimi siji kumdai. Sitapita hata mtaa wenu. Lakini usimrudishe kule chini. Nakusihi. Kule kuna baridi, ule upepo hauishi mchana wala usiku. Mwacheni ale."

Nilimwachia sweta yake. Nikasema tu kwaheri.

*

Bibi Cástula alikuwa anachambua majani nilipoingia kwake. Hakushangaa.

"Niliona alivyoshika sahani," alisema. "Kosa langu. Sikuuliza nguo ilianzia kwa nani. Zamani kila mtu alivaa yake."

"Nikimwita Fermín sasa?"

"Mwite. Lakini nyumba moja haikai wawili. Lazima huyu atoke kwanza, na akitoka mtoto atakuwa mtupu tena kama mwanzo. Mwili ule ulishachoka mara moja, Rutilio. Unaweza kusubiri. Unaweza usisubiri."

"Yaani afe?"

"Hilo si la kuniuliza mimi. Kamuulize aliyezaa."

Sikwenda kumuuliza. Nilijiambia nimlete kwanza, mengine yatajulikana. Nilikwenda dukani nikachukua shati jeupe nililomshonea Fermín kwa mikono yangu alipokuwa anambeba mtoto Yesu kwenye maandamano ya kanisani. Kitambaa nilinunua mimi, nilikata mimi, vifungo nilitia mimi. Hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kulivaa.

Jioni, saa ile ile, nikashuka.

Njia ilikuwa imejaa kuliko siku zote. Sikumwona yule askari. Nilisimama kwenye madhabahu, watu wakinipiga vikumbo, nikapiga sakafu kwa shati.

"Fermín..."

Upepo ulivuma kutoka handakini. Ulikuja na sauti ndogo ndogo nyingi, mbali, kama watoto walio uani kwa mtu. Mimi. Mimi hapa. Niite mimi. Nililibana shati kifuani.

"Fermín wa Obdulia! Njoo kwa mjomba wako!"

Zikanyamaza. Kikabaki kimya cha kila kitu, kile kile cha mara ya kwanza. Na katika kimya kile, mgongoni mwangu, karibu kabisa, mtoto alivuta kamasi.

"Siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Mbona hukugeuka?"

Bibi alisema usigeuke. Nikageuka. Niligeuka mzima mzima, na magoti yangu mabovu, nikafungua mikono. Niliona makoti, mikoba, nyuso zilizochoka, hakuna mtoto. Lakini watu walikuwa wanapinda kidogo walipofika mbele yangu, wote, bila kujua, kama wanakwepa kitu kilichosimama hapo, urefu wa kiuno.

"Njoo," nikasema. "Samahani, baba. Njoo."

Shati likawa zito.

Nilikimbia nalo. Nilikimbia mitaa yote ile nikilia mbele za watu, nikimwongelesha njia nzima, nikivunja kila mwiko. Huyo hapo Hilario, msalimie. Ona, wameshaanza kufunga. Mama anapika. Naye alikuwa amechoka tu, alipumua kwenye shingo yangu.

Obdulia alikuwa mlangoni. Aliona shati, akaona nilivyolibeba. Akanyoosha mkono, akaushika mwimo wa mlango, akanizuia.

"Usiingie nalo."

"Dada, huyu ndiye Fermín. Yule aliye ndani—"

"Unadhani sijui?" Alinong'ona, meno yamebanwa. "Nimemzaa mimi. Nilijua siku ile ile, aliposema Mungu akulipe."

"Basi nipishe."

"Bibi kaniambia. Atoke huyu, halafu tukae tunatazama mwili mtupu, tuombe usipoe. Nimeshaukalia mwili ule, kaka. Wewe ulikuwa dukani. Mimi ndiye niliyekuwa naweka kioo puani kuona kama anapumua." Aliukaza mkono kwenye mwimo. "Sasa anapumua. Ana joto. Nikimshika mkono anaushika na yeye. Siwezi tena. Usiniambie niweze."

"Na huyu nimpeleke wapi?"

Hapo alitazama shati. Vidole vyake vilikuja hadi karibu na kola, vikakaribia kugusa, vikarudi. Sijawahi kuona mkono ukirudi kwa uchungu ule.

Nyuma yake, mezani, mtoto alikuwa ameacha kula. Alituangalia. Kisha, taratibu, alijisogeza pembeni ya kiti chake, akaacha nafasi ya kukaa mtu mwingine. Alikuwa analia bila sauti.

Obdulia akafunga mlango.

Nilisimama uani hadi mikono ikafa ganzi. Bibi Cástula alichungulia, akazima taa yake.

Sasa shati liko dukani kwangu. Nimelitundika nyuma, katikati ya magauni, mahali ambapo upepo wa mlango haufiki. Wateja wakiuliza bei nasema limeshauzwa. Halipoi. Nyumbani, upande wa dada yangu, mambo ni mazuri, mtoto amepanda darasa, na Nicanora hauzi tena chenza pale mlangoni, sijui alikwenda wapi. Obdulia nami tunasalimiana. Hatuongei zaidi ya hapo.

Jioni, kabla sijashusha mlango, nakaa kidogo karibu na shati namsimulia ya mchana. Mwanzoni alikuwa anauliza mengi. Siku hizi sauti yake imekuwa ndogo, lazima niinamishe sikio kwenye kola.

Jana aliniuliza kama mama bado anamtafuta kule chini.

Nilimwambia ndiyo, bado anamtafuta.